Chakula cha Bei Nafuu Kariakoo na Historia ya Majina Yake



Miaka michache iliyopita tulikuwa tukisahihisha insha za wanafunzi wetu wa Kiswahili hapa Bujumbura. Mada ilikuwa kazi ya mzazi. Msichana mmoja, ambaye alizaliwa Tanzania wakati wazazi wake walipokuwa wakimbizi huko, alianza insha yake kwa sentensi hii: "Mama yangu ni mama ntilie." Tulichukua kalamu nyekundu, tukalikata neno hilo, na juu yake tukaandika "mwenye mgahawa". Tuliona kwamba tumemsaidia mtoto kutoka katika lugha ya mitaani na kuingia katika lugha sanifu. Kesho yake alitujia na daftari mkononi, akasema kwa adabu, "Samahani mwalimu, mama hana mgahawa. Ana masufuria."

Jibu hilo lilitufunza kwamba tulilihukumu neno ambalo historia yake hatukuijua. Katika likizo iliyofuata tulipata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, na huko tulikula siku nyingi katika mitaa ya Kariakoo, mahali ambapo wapishi wa namna hii wamekuwapo kwa muda mrefu na ambapo watu wa makabila na mataifa mengi hukutana mezani. Yafuatayo ni machache tuliyoyakusanya juu ya historia ya chakula cha bei nafuu mtaani hapo, na juu ya majina ambayo Kiswahili kimewapa wanaokipika. Tunayaleta mbele yenu tukiamini kwamba mwalimu wa lugha hawezi kulipima neno sawasawa kabla hajajua limetoka wapi na limembeba nani.

Jina la mtaa

Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, nao ukawa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa sheria za ujenzi wa nyumba, na mgawanyo huo kwa kweli ulikuwa mgawanyo wa watu kwa rangi zao. Palikuwa na Uzunguni karibu na bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini upande wa magharibi. Sehemu hiyo ya Waafrika ilipimwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wajerumani, mitaa ikanyoshwa, na likajengwa jengo kwa nia ya kuwa soko. Kabla soko halijaanza kazi, Vita Kuu ya Kwanza ikaingia.

Waingereza waliuteka mji mwezi wa Septemba, 1916. Jengo lile la soko na viwanja vyake vikafanywa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, ambacho jina lake la Kiingereza lilikuwa Carrier Corps. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Mjini Nairobi pia upo mtaa wa Kariokor, ambao jina lake lina asili hiyohiyo.

Inafaa tuwakumbuke wapagazi hao, kwa sababu habari yao inahusu chakula. Katika vita vya Afrika Mashariki Waingereza walitumikisha wapagazi wapatao milioni moja. Wabelgiji, ambao waliuteka mji wa Tabora katika mwezi huohuo wa Septemba 1916, nao walichukua watu wa Kongo kwa maelfu mengi, na wengine kutoka hizi nchi zetu za Rwanda na Burundi. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na waliouawa na maradhi, hasa kuhara damu. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa posho. Mtu aliyechoka kwa safari ya mchana kutwa alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, bila kuni za kutosha wala muda wa kuusonga ukaiva. Waliozoea ndizi au wali katika nchi zao matumbo yao hayakuweza kuuhimili unga huo.

Kwa hiyo jina la Kariakoo ni ukumbusho wa watu ambao wengi wao walikufa kwa kulishwa vibaya. Baada ya vita jengo lile lilirudishiwa kazi yake, na soko likafunguliwa mwaka 1923. Tangu hapo mtaa uliobeba jina la wapagazi wenye njaa ukawa ghala la mji, na kandokando ya ghala hilo vikazuka vijimeko.

Mgahawa, hoteli na genge

Tukiyatazama maneno ambayo Kiswahili hutumia kwa mahali pa kulia chakula, tutaona kwamba kila moja limekuja na watu wake.

La kwanza ni mkahawa, au mgahawa. Kiini chake ni kahawa, na sauti ya "g" katika umbo la pili ni matamshi ya Waarabu wa Ghuba na wa kusini mwa Bara Arabu, ambao husema gahwa. Katika miji ya pwani Waarabu wa Hadhramaut, ambao wenyeji waliwaita Washihiri kwa jina la bandari yao ya Shihr, walikuwa wenye vijiduka na vibanda vya kahawa katika mitaa ya Waafrika. Mgahawa wa kwanza, basi, ulikuwa mahali pa kunywa kahawa na kuzungumza, na chakula kilifuata baadaye. Hata leo muuza kahawa wa Kariakoo hutembea na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili asikike, na huuza kashata pamoja na kahawa chungu. Wateja wake hukaa barazani wakijadili siasa na mpira.

La pili ni hoteli. Neno hili limetoka katika Kiingereza, lakini Kiswahili kimelipa maana yake chenyewe. Mswahili akisema "twende hotelini" aghalabu anakusudia kwenda kula, wala hana habari ya kitanda. Anayetaka kulala hutafuta nyumba ya wageni, au gesti. Wanafunzi wetu waliojifunza Kifaransa kwanza hukosea sana hapa, na kosa lao ni la kueleweka. Katika hoteli ndogo za Kariakoo, tangu wakati wa Waingereza, mtu alipata chai, chapati, maharage, supu na wali.

La tatu ni genge, ambalo latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kikundi cha vibarua. Kamusi zetu hulieleza neno hili kuwa kikundi cha watu, kisha huongeza kuwa ni mahali panapouzwa vyakula na vitu vidogo vidogo. Maana hizo mbili zina ujamaa wa karibu, maana palipokuwa na kikundi cha vibarua hapakukosa mtu wa kuwauzia chakula.

Vyakula vyenyewe navyo vina safari zao. Chapati, bajia na kachumbari vimekuja na Wahindi. Pilau na sambusa vina asili ya mbali zaidi, katika nchi za Uajemi, navyo vilipita katika mikono mingi kabla ya kufika pwani yetu. Mishikaki inapikwa vilevile Omani, na jina lake huko linafanana na letu. Tui la nazi, kisamvu na muhogo ni vya mapishi ya kawaida ya watu wa pwani yenyewe, na Wazaramo wa vijiji vya jirani ndio waliouletea mji sehemu kubwa ya nazi na muhogo wake. Dagaa nao hutoka katika maziwa makuu. Wale wa Kigoma wametoka katika ziwa letu hilihili la Tanganyika, na mama anayewanunua ndagala sokoni Bujumbura akiwaona dagaa hao katika sahani ya Kariakoo hatahitaji mkalimani. Walipanda gari la moshi, kwa kuwa reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914.

Kwa nini watu walikula nje

Baadhi ya watu hudhani kwamba kula nje ni anasa ya mwenye fedha. Historia ya Kariakoo yaonyesha kinyume chake.

Nyumba ya kawaida ya mtaa huu ilikuwa ile tuiitayo nyumba ya Kiswahili. Ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, na nyuma palikuwa na ua. Mbele palikuwa na baraza. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki alipangisha. Wapangaji wengi walikuwa wanaume waliokuja mjini peke yao, Wanyamwezi, Wamanyema, Wangoni, Waluguru na wengineo, ambao walifanya kazi bandarini, relini na katika majumba ya Wazungu. Wengi walikuwa vibarua. Neno kibarua lenyewe latokana na kikaratasi alichopewa mtu ili siku zake za kazi zihesabiwe. Mtu anayelipwa kwa siku hula kwa siku. Hana fedha ya kununua gunia la mchele, wala chumba cha kuliweka. Akiwasha mkaa kwa ajili ya chungu cha mtu mmoja, mkaa wake utagharimu karibu sawa na chakula chenyewe.

Mpishi wa barazani aliimaliza shida hiyo kwa hesabu nyepesi. Moto mmoja ulipika chakula cha watu thelathini, na gharama ya kuni au mkaa ikagawanyika kwa watu thelathini. Alinunua sokoni alfajiri kiasi cha kumalizika siku hiyo, kwa hiyo hakuhitaji ghala. Hakulipa kodi ya duka, kwa kuwa duka lake lilikuwa baraza. Aliwajua wateja wake kwa majina, akawakopesha hadi siku ya mshahara, na deni likaandikwa katika daftari au likawekwa kichwani. Pale fedha zilipopungua, upatu wa akina mama wenzake ulimpa mtaji wa kuanza upya. Hesabu hiyo ndiyo inayoendesha vijimeko vya Kariakoo mpaka leo, na ndiyo siri ya bei yake.

Tena chakula hicho kilikuwa na nguvu ya kuwakutanisha watu. Nyama ya hoteli za kawaida huchinjwa na Mwislamu, ili Waislamu na Wakristo waweze kukaa benchi moja, na nguruwe ana mahali pake kwingine. Mwezi wa Ramadhani masufuria hupumzika mchana, na jioni hutoka uji, tambi, mihogo na magimbi ya futari, ambayo hata asiyefunga hununua. Watu ambao vijijini mwao wasingeonana walikaa Kariakoo bega kwa bega, na lugha waliyoagizia chakula ilikuwa Kiswahili. Makuli wa bandarini walipogoma mwaka 1939, tena mwaka 1943, na tena mwaka 1947 mgomo ulipoenea mji mzima na kufuata njia ya reli kuelekea bara, walikuwa watu wa makabila mengi wenye lugha moja ya kupangia shauri lao. Kwa maoni yetu, benchi la hoteli lilisaidia kuwafundisha lugha hiyo kabla ya darasa lolote.

Akina mama na siasa

Tarehe 7 Julai, 1954, chama cha TANU kilizaliwa katika nyumba iliyokuwa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Walimu wa Kiswahili tunaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine pia, maana mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Mwaka uliofuata, 1955, Bibi Titi Mohamed alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama, na katika muda wa miezi michache waliandikishwa wanawake wapatao 5,000. Wengi wa wanawake wa Dar es Salaam waliokitumikia chama wakati ule hawakuwa na elimu ya shuleni wala kazi ya mshahara. Walijitafutia riziki kwa mikono yao, wengine wakipika pombe, wengine wakikaanga vitumbua na maandazi, wengine wakipangisha vyumba. Walikuwa na vyama vyao vya ngoma, walijuana mtaa kwa mtaa, na hakuna aliyeweza kuwatishia kuwafukuza kazi, kwa kuwa kazi ilikuwa yao wenyewe. Aliyezoea kusema na watu mia kila asubuhi kutoka nyuma ya kikaango hakuona shida kusema nao habari za uhuru.

Twalitaja jambo hili kwa sababu vitabu vyetu vingi huwaonyesha wapishi hawa kama watu wa pembeni. Kwa kweli walikuwa katikati.

Miaka ya dhiki

Mwaka 1975 soko jipya la Kariakoo lilifunguliwa. Mchoraji wake alikuwa Mtanzania, Beda Amuli. Alilitengenezea mapaa ya saruji yaliyo mfano wa miavuli, ambayo hupokea maji ya mvua, na chini ya ardhi akaweka sehemu ambayo watu waliiita Shimoni. Lilikuwa jengo la fahari. Hata hivyo miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Ukame wa katikati ya miaka ya 1970, bei ya mafuta, vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, na kudhoofika kwa uzalishaji vilileta uhaba wa sukari, mchele na unga. Mahindi ya njano ya msaada yalipoingia nchini, watu waliuita unga wake unga wa Yanga, kwa rangi ya klabu ya mpira iliyo jirani na Kariakoo. Mzaha huo ulitoka katika midomo ya watu waliokuwa na njaa.

Mishahara iliposhindwa kufikisha mwezi, wake wa wafanyakazi na wafanyakazi wenyewe walianza biashara ndogo ndogo, na biashara iliyohitaji mtaji mdogo kuliko zote ilikuwa ya chakula kilichopikwa. Ndipo mama ntilie walipoongezeka mjini, kila penye ujenzi, kila kituo cha basi, kila lango la kiwanda.

Serikali haikuwatazama kwa jicho jema mwanzoni. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, ambayo ilitaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambuliwa, na waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa mjini wapelekwe mashambani. Ikawa yule apikaye tangu alfajiri hadi jioni anaweza kuulizwa kazi yake ni ipi. Waswahili husema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hapa ilizidi, maana baadhi ya waliomkamata mpishi asubuhi walimtafuta mchana ili wale. Lakini lugha ina maajabu yake. Wafanyabiashara wadogo walitakiwa wapate leseni, na leseni hiyo ikaitwa ya Nguvu Kazi, kwa hiyo jina la sheria iliyowaogopesha likageuka kuwa jina la karatasi iliyowalinda.

Tangu hapo mambo yamekwenda na kurudi. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam mwaka 2015, wapishi wa kando ya barabara walikuwa miongoni mwa waliokatazwa kwanza. Hatusemi kwamba hofu hiyo haikuwa na msingi, kwa kuwa maji machafu huua, lakini twasema kwamba mpishi anayenunua maji kwa dumu anahitaji bomba kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wafanye kazi bila kubughudhiwa. Mwezi wa Oktoba, 2021, wakaamriwa waondoke kandokando ya barabara na kwenda katika maeneo waliyopangiwa. Mwaka huohuo, tarehe 10 Julai, soko kubwa lenyewe lilikuwa limeungua. Nazo nyumba za vyumba sita zimebomolewa nyingi, na mahali pake yamesimama maghorofa ya biashara ambayo hayana baraza. Mpishi aliyepoteza baraza lazima atafute uchochoro.

Ntilie na lishe

Sasa tulirudie neno lile tulilolikata kwa kalamu nyekundu.

Mama ntilie ni ufupisho wa "mama, nitilie". Kitenzi ni tia, katika kauli ya kutendea tilia. Ni sauti ya mteja anayenyosha sahani: mama, nitilie wali, nitilie mchuzi. Kwa hiyo mpishi ameitwa kwa ombi la anayekula. Sarufi ya neno hili ni safi kabisa. Mwalimu anayetafuta mfano wa kauli ya kutendea, au wa kiambishi cha mtendwa katika hali ya kuomba, hatapata mfano ulio hai kuliko huu.

Mama lishe ni jina la baadaye, na limependwa katika ofisi na magazetini. Lisha ni kauli ya kutendesha ya kitenzi la, na lishe ni chakula kiupacho mwili afya. Wengi huliona jina hili kuwa la heshima zaidi, kwa sababu humtaja mama kwa kazi anayoitenda. Wanaume nao walipoingia katika kazi hiyo, wakaitwa baba lishe.

Tulipokuwa Kariakoo tulikula mara kadhaa kwa mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na benchi mbili katika uchochoro nyuma ya maghorofa. Siku ya kwanza tulimwamkia, kisha tukasema kwa Kiswahili chetu cha darasani, "Tunaomba utuandalie chakula." Alituitikia marahaba, akacheka, akasema, "Wanangu, chakula kimeshaandaliwa tangu saa kumi na moja. Semeni nitie nini." Tulimwuliza ni jina gani alilolipenda. Alifikiri huku akifunika sufuria, akajibu, "Wa ofisini wananiita mama lishe. Wabeba mizigo wananiita mama. Mwenye deni langu ndiye ananiita mama ntilie, tena kwa mbali."

Tulicheka naye, lakini tuliona kwamba ametupa somo la maana ya maneno ambalo hatukulipata chuoni. Neno halina heshima wala dharau peke yake. Hupewa na anayelitamka, na mahali alipolitamkia.

Sahani na sarufi

Kuna jambo jingine ambalo masikio ya mwalimu hayawezi kuliacha. Katika benchi zile hatukumsikia mtu akisema "wali pamoja na maharage". Husemwa "wali maharage", "ugali dagaa", "wali samaki", "chai chapati". Majina mawili yamewekwa sambamba bila kiunganishi, na maana yake ni sahani moja yenye bei moja. Shilingi elfu mbili zilitutosha kwa wali maharage na mchicha juu yake. Nasi tuliokuwa tumewafundisha wanafunzi mazungumzo ya "Bwana mhudumu, nipatie orodha ya vyakula" tuliona haya kidogo, kwa kuwa orodha ya mama huyu ilikuwa mdomoni mwake, na ilibadilika kadiri masufuria yalivyokwisha.

Kila nchi yetu ina majina yake ya mahali kama hapa. Nairobi watu hula kibandani, na Kinshasa kwa Kilingala husema malewa. Hapa Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, wapo akina mama wanaopika barazani kama wale wa Kariakoo, na harufu ya mchuzi wao hutupita kila siku tukienda kufundisha. Katika Kariakoo yenyewe tulikaa benchi moja na wafanyabiashara wa Lubumbashi, wa Lusaka na wa Moroni, waliokuja kununua nguo na vyombo. Kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake, na kila mmoja alipata alichoagiza.

Hitimisho

Mambo tuliyoyaeleza yanaonyesha kwamba chakula cha bei nafuu cha Kariakoo hakikupangwa na halmashauri yoyote. Kilianzishwa na haja ya watu waliolipwa kidogo, na kikatunzwa na watu, wengi wao wanawake, ambao kila utawala uliona kuwa wamekaa mahali pasipo pao. Mtaa uliopewa jina la wapagazi walionyimwa chakula kizuri umewalisha wabeba mizigo wa mji kwa zaidi ya miaka mia moja. Ikiwa maghorofa na amri zitawaondoa wapishi hawa bila kuwapa mahali penye maji na kivuli, atakayeumia kwanza ni kibarua, na lugha yetu nayo itapoteza mojawapo ya madarasa yake ya zamani.

Kwa upande wetu walimu, twapendekeza mambo mawili. Kwanza, tuwatume wanafunzi wakakusanye majina ya vyakula na ya mahali pa kulia katika mitaa yao, pamoja na habari za wanaopika, kabla wazee wanaozijua hawajatuacha. Pili, tunapokutana na neno la mtaani katika daftari la mwanafunzi, tuulize habari zake kabla ya kulikata.

Yule msichana yu kidato cha juu sasa. Tuliporudi kutoka safarini tulimwomba daftari lake la zamani, naye kwa bahati alikuwa bado analo. Chini ya alama ile nyekundu tuliandika kwa wino wa buluu: "Neno hili ni sahihi. Mwalimu amekosea." Alilisoma, akalikunja daftari, akasema angekwenda kumwonyesha mama yake jioni, akimaliza kuosha masufuria.